Tingatinga, Kanda-Matulu au Seydou Keïta: ni picha ipi inayostahimili kutazamwa kila siku?

Mwalimu wa Ilala (Dar es Salaam)

Wanajamvi, salaam.

Naomba tulinganishe wachoraji wawili na mpiga picha mmoja: Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, Kongo, na Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Nina ukuta mmoja sebuleni ambao nimeuacha mtupu kwa makusudi, kwa kuwa sipendi kuujaza picha ndogondogo zinazogombania jicho. Ninataka picha moja tu, ambayo nitaipita kila asubuhi nikienda kazini bila kuichoka. Kazi halisi za mabwana hawa zimo katika majumba ya makumbusho na mikononi mwa wenye fedha, kwa hiyo ninazungumzia nakala nzuri iliyochapishwa. Suala la bei tuliweke kando.

Mimi binafsi ninaelemea upande wa Tingatinga. Alianza kuchora mnamo 1968 hivi, akafariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, na kwa hiyo yote aliyotuachia yamo ndani ya miaka minne hivi. Picha zake za mwanzo zina mnyama mmoja, chui kwa mfano, aliyejaza kipande cha hadibodi chenye pembe nne sawa, na nyuma yake kuna rangi moja tu, bila upeo wa macho wala mlima. Mkia hukunjwa ufuate ukingo wa ubao ili utoshe. Kinachonivuta ni utulivu huo, ambao katika kazi nyingi zinazouzwa leo kwa jina lake siuoni tena, maana siku hizi twiga, pundamilia na tembo hubanwa pamoja hadi pasiwe na pa kupumzisha macho.

Kanda-Matulu ninamheshimu kuliko ninavyompenda, kwa sababu picha zake ni nzito. Keïta ninampenda sana, lakini nina kikwazo kimoja: picha zake ni za watu, na mgeni akiingia sebuleni swali lake la kwanza litakuwa, "Huyu ni nani wako?" Nitamjibu nini?

Bint Shangani (Unguja)

Mwalimu, swali la mgeni lisikutishe, kwani hata aliyewapiga picha hakuwajua wote. Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na mtu yeyote aliyekuwa na senti zake aliingia, akapangwa, akapigwa picha moja, akaondoka. Alitumia mwanga wa jua uani kuliko taa, na nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani lenye matamvua, akalitumia hadi mwaka 1952 hivi, kisha akawa anabadilisha kila baada ya miaka michache. Baadaye, alipotakiwa kueleza picha fulani ilipigwa lini, alitazama kitambaa cha nyuma akajua.

Itazame ile ya mwaka 1959 ya kijana aliyevaa suti nyeupe na miwani mikubwa, akiwa ameshika ua moja. Vidole vinalishika kwa uangalifu kama vile amekabidhiwa kitu cha kuvunjika, na uso hauna tabasamu wala huzuni. Ukiitazama asubuhi utasema kijana huyu anakwenda kuposa. Ukiitazama jioni utasema amekwisha kukataliwa na amekubali matokeo. Chui wa Tingatinga, pamoja na uzuri wake wote, ni chui asubuhi na ni chui jioni.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wapenzi wa Keïta hatulisemi mara kwa mara. Nakala walizopewa wateja wake zilikuwa ndogo, nyingi zikiwa na sentimita 13 kwa 18, za kuwekwa ndani ya albamu au kutumiwa jamaa kwa posta. Kazi zake zilipooneshwa New York mwaka 1991, jina lake halikutajwa, kwa kuwa waandaaji hawakumjua mpigaji. Alipotafutwa na kupatikana Bamako, negativu zilichapishwa upya kwa ukubwa wa mita nzima na zaidi, zenye weusi mzito na weupe mkali, na hizo ndizo zilizompa umaarufu duniani. Mimi nimeona vitabu vyenye sura zote mbili, na ninakiri kwamba ile ndogo yenye rangi ya kijivu laini ndiyo inayonikaa moyoni. Ile kubwa imetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa maonyesho. Kwa hiyo, Mwalimu, ukimchagua Keïta itakubidi uchague pia ni Keïta yupi.

Mkaazi wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu zangu, niruhusuni nimtetee mtu wa nyumbani, kwa maana kumwita mzito na kumwacha hapo ni kumpunja.

Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji huu wetu, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na kazi zake alizitembeza nyumba kwa nyumba. Kati ya 1973 na 1974 alikutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akamchorea mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi yetu tangu zamani za mababu hadi zama za Mobutu, na katika mazungumzo yao, yaliyofanyika kwa Kiswahili cha hapa Katanga, alisisitiza kwamba yeye ni mwanahistoria anayetumia brashi. Sehemu kubwa ya kazi hizo sasa ipo Amsterdam. Baada ya mwaka 1981 hivi mchoraji mwenyewe hakusikika tena.

Mwalimu asema picha hizo ni nzito kwa sebule. Basi ajue kwamba zilichorwa kwa ajili ya sebule. Miaka ya sabini, mfanyakazi wa migodi au karani aliyepata mshahara wake alinunua picha akaitundika juu ya makochi, na mada zilikuwa zinajulikana: mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri kwa masharti, au Lumumba, au ile iitwayo Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji. Hiyo ya mwisho huonesha ua wa gereza; mfungwa amelazwa chini, askari mwenye kofia nyekundu anamchapa, na mzungu amesimama pembeni akitazama, huku bendera ya Ubelgiji ikipepea. Wageni walipokuja, mwenye nyumba aliwasimulia, na watoto wakasikiliza. Wachoraji wenyewe waliziita picha za ukumbusho, na ilikuwa kawaida kuzitundika mahali ambapo familia inakula chakula.

Kuna moja ambayo sitaki ipite bila kutajwa, ya kifo cha Lumumba mnamo 17 Januari 1961, ambapo yeye na wenzake wawili, Mpolo na Okito, wamelala chini, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mchoraji hakuwapo mahali pale na hakudai kuwapo. Alichora vile watu wa mji huu walivyoelewa kifo kile. Bint Shangani ametuambia kuwa kijana mwenye ua hubadilika asubuhi na jioni. Picha hii haibadiliki, bali anayeitazama ndiye anayelazimika kubadilika, na mimi naona huko ndiko kustahimili.

Kijana wa Tudor (Mombasa)

Nimesoma kwa makini, na ninaona tunakwepa swali ambalo lingetusaidia: nani alikuwa mnunuzi? Picha ya Keïta ilinunuliwa na yule yule aliyemo ndani yake. Ya Kanda-Matulu ilinunuliwa na jirani, hadi Fabian alipofika, na hata hapo ilibaki lugha ya jirani. Tingatinga naye aliuza nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, na wateja wake walikuwa zaidi wageni kutoka Ulaya waliokuwa wakiishi eneo hilo. Simlaumu, alikuwa na familia ya kulisha. Lakini mchoraji anayemchorea mgeni humchorea kile ambacho mgeni amekuja kukitafuta, na mgeni wa Oyster Bay alikuja kutafuta chui. Ninashuku kwamba yule pundamilia aliyebanwa na twiga ambaye Mwalimu anamlalamikia alikuwemo tangu siku ya kwanza pale dukani.

Fundi Fremu (Dar es Salaam)

Kijana wa Tudor, hoja yako ni kali na nusu yake ninaikubali. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu za kazi yangu.

Mimi huweka picha kwenye fremu, na kazi za mtindo wa Tingatinga zimepita mikononi mwangu nyingi, nzuri na mbaya. Alichokifanya mzee yule hakikuagizwa na mteja wa Oyster Bay. Alichukua hadibodi ya dari, akaikata vipande vya sentimita 60 hivi kila upande, akapaka rangi ya enameli, ile ile inayong'arisha baiskeli. Rangi hiyo haina subira. Huwezi kuirudia rudia kama rangi ya mafuta ya wachoraji waliosomea, kwa kuwa ikianza kushika na wewe ukaigusa tena, huvuta na kuacha kovu. Kwa hiyo ni lazima mstari uwe umekwisha kuamuliwa kabla brashi haijagusa ubao, na ile rangi moja ya nyuma anayoisifu Mwalimu kwa sehemu kubwa ni sharti la rangi yenyewe. Tazameni mgongo wa mnyama: unakwenda kwa mkunjo mmoja kutoka shingoni hadi kwenye mkia. Mteja anaweza kuagiza chui, lakini mkunjo ule hauagizwi.

Waliomfuata, January Linda, Simon Mpata, Omari Amonde na wenzao, kila mmoja alikuwa na mkono wake, na kuwaweka wote katika kapu moja na bidhaa za watalii si haki. Vilevile ninashangaa kwamba hakuna aliyemtaja George Lilanga, aliyetokea Masasi na kuanza pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam, kama mlinzi. Mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo ya duara hawatulii hata kidogo. Wanapiga soga, wanacheza, wanagombana. Ukuta wa Mwalimu ungepata kelele badala ya utulivu, lakini ni kelele ya watu wanaoishi.

Bint Shangani

Lilanga ni mkubwa, nakubali, ila Mwalimu ameomba picha moja ya kuishi nayo kimya kimya, na mashetani wale hawajui kunyamaza.

Nikirudi kwa Kijana wa Tudor, kigezo chake cha mnunuzi kinanipendeza, nami nitakivuta hadi huku kwetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe mwaka 1930, na familia yake ikaiendeleza. Alimpiga picha Sultani na wageni wake, na vilevile watu wa kawaida wa mjini waliokwenda kujipigisha kwa sherehe. Ukiziweka picha hizo karibu na za Keïta utaona tofauti: Oza anawaacha watu wasimame wima na kwa heshima, kila mmoja mahali pake, wakati Keïta anamgeuza mteja kidogo pembeni, anampa saa au redio ya kushika, anamlaza kwenye shuka la mirabaraba ambalo linapambana na mirabaraba ya gauni lake hadi usijue nguo inaishia wapi. Oza anatuonesha mtu alivyo mbele ya watu. Keïta anatuonesha mtu anavyotaka kuwa, na kwa kutazamwa kila siku mimi nachagua wa pili.

Mwalimu wa Ilala

Ninawashukuru nyote. Ndugu wa Kamalondo amenisogeza zaidi ya nilivyotarajia, na kitabu chenye picha za Kanda-Matulu nitakitafuta na kukiweka mezani badala ya ukutani, kwa sababu nyumbani kwangu mimi ndiye nitakayepaswa kusimulia, na historia ile sijaijua kiasi cha kuwasimulia watoto bila kuiharibu. Kwa ukuta nimemchagua Keïta, yule kijana mwenye ua, na kwa hoja ya Bint Shangani nitamchapisha kwa ukubwa wake wa zamani, sentimita 13 kwa 18, awe peke yake katikati ya ukuta mzima. Mke wangu anasema itaonekana kama tumesahau kumalizia. Fundi, je, anasema kweli?

Mkaazi wa Kamalondo

Umemkwepa Lumumba kwa adabu, Mwalimu. Nitakuuliza tena ukishamaliza kukisoma kitabu.

Fundi Fremu

Shemeji anasema kweli ikiwa utaitundika picha tupu, kwa hiyo iwekee kadi pana nyeupe kuizunguka, sentimita 15 kila upande na chini iongezewe kidogo, kisha fremu nyembamba nyeusi. Itundike chini ya kiwango ulichokizoea, ili mtu aliyekaa kwenye kochi aitazame bila kuinua shingo, kwani picha ndogo husogelewa. Kadi hiyo ina kazi ya pili: inaizuia karatasi isigusane na kioo, maana kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam karatasi ikigusa kioo itanata, na siku ya kuibandua utabandua na uso wa kijana. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri usiutumie, na ule uliopakana na bafu pia usiutumie. Niletee vipimo.