Naomba ushauri: kurudi kwenye soka baada ya miaka 50, kano ya kisigino iliwahi kuumia

Wakuu, mchezaji wa miaka 56 aanzeje tena? Pumzi na misuli hurudi mapema, kano huchelewa. Ndiyo maana wengi huumia pale wanapojiona wako fiti. Mpango uliopo: kusimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, kuinua visigino kwa miguu yote miwili, kuvishusha taratibu kwa mguu ulioumia, mara 15, seti 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Kisigino kikikaza zaidi kesho yake, mzigo wa mazoezi unapunguzwa.

Sasa, mbio za kasi na kugeuka ghafla vianze lini? Na kwenye nyasi bandia, njumu za meno mafupi au raba? Meno marefu hung'ang'ania, goti ndilo linalojipinda. Moyo umeshapimwa.