Naomba ushauri: gemu za zamu, watu wanne, kompyuta moja

Wakuu, habari za jioni. Tuko vijana wanne, kila Jumamosi tunakutana gheto kwangu kucheza gemu za mikakati, zile za kupokezana zamu. Kompyuta ni moja tu, RAM 4GB, na imezeeka kweli kweli.

Tunacheza Heroes of Might and Magic III, ile ya mwaka 1999. Haisumbui mashine, na inaruhusu hadi wachezaji 8 kwenye kompyuta moja. Mwanzoni raha tupu, zamu inaisha ndani ya dakika. Balaa ni majeshi yakishaongezeka. Kuna jamaa yetu anapiga hesabu kama anagawa mirathi. Robo saa nzima kashika mausi, sisi tunatazama dari. Tukaweka kikomo cha dakika 4, akanuna.

Halafu kuna kuchungulia. Ramani ina ukungu unaoficha usikofika, lakini ukungu wa nini kama mpinzani amekaa begani kwako? Kumtoa mtu nje kila zamu naona utoto, na mbu wa huku siyo wa mchezo.

Nafikiria tuhamie Battle for Wesnoth, maana ni ya bure na nayo inachezeka hivyo hivyo. Mliowahi kuicheza, ramani ya ukubwa gani inatosha watu wanne tumalize usiku mmoja? Au tugawane timu, wawili kwa wawili? Na huyu wa robo saa tumdhibiti vipi bila kugombana?