Mlowezi wa Nebraska katika sensa ya 1880: wazazi wake Ohio nitawapataje?

Muulizaji:
Wadau, habari zenu. Namtafuta mlowezi aliyehesabiwa Nebraska, Marekani, mwaka 1880. Umri 38, kazaliwa Ohio, baba mzaliwa wa Pennsylvania. Jina lake ni la kawaida mno. Sensa ya 1850 ya Ohio inanipa wavulana 12 wa jina hilo wenye miaka 7 hadi 9. Cheti cha kuzaliwa sikioni. Nitamjuaje aliye wangu?

Mkutubi:
Mkuu, cheti usikisumbukie. Kaunti za Ohio zilianza kuandikisha vizazi mwaka 1867. Na 1850 iache kwanza, mchunguze kikamilifu huyo mtu hukohuko Nebraska.

Kama alipewa shamba chini ya Sheria ya Homestead ya 1862, iliyogawa ardhi ya serikali kwa walowezi (hadi ekari 160, akae na kulima miaka 5), tafuta jina lake kwenye tovuti ya hati za ardhi ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali ya Marekani. Ni bure. Nakili namba ya hati, ofisi ya ardhi, na namba za kiwanja: sekshoni, taunishipu, renji (ndizo zinazoonyesha kilipo kwenye ramani). Kwa hizo unaagiza jalada lake National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani. Wengi huishia kwenye hati, nayo haina lolote la familia. Jalada ndilo lenye uhondo: alihamia lini, nyumba ilikuwaje, ana mke na watoto wangapi, na viapo vya mashahidi wawili. Hao mashahidi washike sana! Walowezi walihama kwa makundi, ndugu na majirani pamoja, hivyo shahidi huweza kuwa shemeji au mtu wa kijiji kilekile. Watafute na wao Ohio mwaka 1850 na 1860. Kaunti wanakokutana ndiyo ya kuanzia.

Kama ardhi aliinunua kwa fedha taslimu, jalada huwa jembamba. Usilitegemee.

Mpekuzi:
Naongeza. Mtu wa umri huo alikuwa na miaka kama 19 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, kwa hiyo angalia jeshi. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921 Washington, lakini orodha yake ya wanajeshi wa zamani na wajane, kwa Nebraska, ipo. Inataja rejimenti na kombania. Kombania nyingi ziliandikishwa eneo moja, basi hata hiyo inakuelekeza kaunti. Akiwa na pensheni, omba jalada la mjane pia, maana mjane alilazimika kuthibitisha ndoa: lini na wapi.

Mkutubi:
Tahadhari moja kuhusu 1850: haina safu ya uhusiano na mkuu wa kaya, hiyo ilianza 1880. Mtoto aliye chini ya jina la mzee anaweza kuwa mpwa au kibarua. Umri nao huyumba, kwa hiyo tafuta waliozaliwa 1839 hadi 1845, si miaka mitatu tu.

Ukibakiwa na wavulana wawili watatu, nenda kwenye mirathi ya kila baba, katika mahakama ya mirathi ya kaunti. Asipoacha wosia, soma karatasi za msimamizi wa mali, kwani warithi huorodheshwa na mahali wanapoishi. Unachotafuta ni mrithi mwenye jina lile, makazi Nebraska.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Naanza na namba za kiwanja.

Mpekuzi:
Pitia na sensa ya 1885, Nebraska walifanya yao. Mzazi mzee aliyemfuata mwanawe huweza kuonekana humo.