Msaada wa njiani gari likizima: nilipie au niachane nao?

MamaZamu

Wakuu, habari za muda huu. Bima ya gari langu inakaribia kuisha, na dada wa bima ananishawishi niongeze msaada wa njiani: gari likizima wanakuja, likishindikana wanalikokota. Ada ya mwaka ni kama bei ya tairi moja jipya.

Gari ni la mwaka 2008, gia za mkono, limeshatembea kilomita 187,000. Mimi ni muuguzi. Zamu ya jioni naitoka saa nne usiku, halafu nina kilomita 46 za kurudi nyumbani, na nusu ya njia hiyo ni giza tupu.

Kwa miaka sita limenikwamisha mara mbili. Ya kwanza ilikuwa betri, tena nikiwa nyumbani. Jirani akanibustia, nikaenda zangu. Ya pili taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi, nikajifanya sijaiona. Mara usukani ukawa mzito kama jiwe na mshale wa joto ukaanza kupanda. Mkanda ulikuwa umekatika. Nilikaa dakika 50 milango nimeifunga, mvua inapiga juu ya bati, hadi shemeji akaja na kamba.

Mume wangu anasema tairi sita kwa kukwama mara mbili ni hasara ya wazi. Sina jibu la kumpa, ila yeye hakuwemo kwenye gari usiku ule.

Kibubu

Usilipe. Hiyo hela iweke pembeni kila mwaka. Likizima unayo, lisipozima ni yako. Bima yenyewe utaisikia siku ya kulipa tu.

Spana_13

Kibubu, hela iliyo kwenye kibubu haiji na winchi saa tano usiku.

Dada, mimi ni fundi, ngoja niseme ya ufundi kwanza. Kwenye magari mengi ya umri huo mkanda mmoja unazungusha alteneta (ndiyo inayochaji betri), pampu ya usukani na pampu ya maji. Ndiyo maana vyote viligoma pamoja. Unakaguliwa kwa tochi, ukiwa na nyufa unabadilishwa. Betri nayo ipime asubuhi kabla hujawasha: nzima inasoma kama volti 12.6, ikishuka hadi 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Kuichaji usiku kucha ikarudi hapohapo ni dalili imechoka. Injini ikiwaka, usomaji upande hadi kama 14. Usipopanda, mshukiwa ni alteneta.

Kwa hiyo hayo mawili yaliyokukuta yalizuilika bila kulipa ada yoyote.

Lakini hiyo kamba imenitisha kuliko mkanda. Injini ikiwa imezima, breki inakuwa ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote, na usukani hausaidiwi. Na wewe umevutwa hivyo kwenye mvua, usiku. Mwenye otomatiki ndiyo asijaribu kabisa kabla ya kusoma kitabu cha gari, gia boksi inaweza kuungua. Kwa njia yako hiyo ningelipa, ila kwa ajili ya winchi. Betri mwachie jirani.

Mteja_Mstaafu

Nililipa miaka mitatu mfululizo. Siku ya kwanza kuihitaji, gari liligoma kuwaka hapa uani. Nikajibiwa nyumbani hapahesabiki, ni nyongeza yenye ada yake. Siku ya pili walikuja kweli, wakanikokota hadi gereji ya karibu, wakaniacha mbele ya geti lililofungwa.

Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi niliyosaini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Waulize wanakokota kilomita ngapi na kwenda wapi, mara ngapi kwa mwaka, na huduma inaanza lini baada ya kulipa. Uliza pia kama inafuata gari au inakufuata wewe, maana ukiazima gari la shemeji ndipo utajua tofauti. Na kabla ya yote, angalia kama bima yako kubwa haina huduma hiyo tayari. Kuna watu wanalipa mara mbili.

MamaZamu

Nimerudi, nimewapigia. Kwenye bima kubwa haimo. Wanakokota kilomita 20 bila malipo ya ziada, zaidi ya hapo nachangia kwa kilomita. Mara nne kwa mwaka. Inafuata gari. Inaanza saa 48 baada ya kulipa, nyumbani haimo.

Nimemuuliza kama naweza kuchagua wanipeleke hospitali ninakofanya kazi badala ya gereji, kwa sababu pale kuna mlinzi na taa usiku kucha. Akacheka kwanza, halafu akasema ndani ya kilomita 20 ni popote ninapotaka. Nikamwambia aniandikie hilo kwenye barua pepe, na ameandika.

Nalipa, bila nyongeza ya nyumbani. Mume nimemwambia ni tairi langu la saba.

Spana_13, asubuhi hii betri imesoma 12.1, na jana nilikuwa nimeichaji usiku kucha. Naenda kuibadilisha leo.