Mzazi akizeeka: makao ya wazee, mlezi wa kulipwa, au arudi kijijini?

Mwanalanet: Jirani yangu hapa Lanet, Nakuru, amempeleka babake makao ya wazee na mtaa mzima umemgeukia. Mzee ana kisukari, miguu imekataa, na watoto wote hutoka kwenda kazini kabla ya jua. Wanaosema ametupa baba, watuambie angefanya nini. Tujadiliane bila matusi.

MzeeWaMolo: Bila matusi, lakini ametupa baba. Mtu akusomeshe kwa pareto, halafu uzeeni aogeshwe na wageni? Hayo ni mambo ya wazungu.

Nasi_Kondele: Mzee, Alms House, makao ya wazee ya hapo Nakuru, ni ya wazungu? Mimi kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa manyumbani, huku Kisumu. Wengi ninaowakuta wametupwa wakiwa nyumbani kwao. Mama amelazwa ubavu mmoja tangu asubuhi, shuka imelowa, kidonda cha kiunoni kidole kinaingia. Uliza watoto: "Tunatuma pesa." Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hakutumwi kwa M-Pesa.

Kijana_wa_Luanda: Serikali nayo? Katiba, kifungu cha 57, imesema wazee watunzwe. Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, tena mpaka ufike miaka 70, na ikichelewa imechelewa. Nenda duka la dawa uulize bei ya pampas za mtu mzima, kisha urudi hapa tuongee.

MzeeWaMolo: Soma hicho kifungu vizuri, kijana. Kinasema familia na serikali. Familia imetangulia.

Nyar_Seme: Familia maana yake binti, tusidanganyane. Mama yangu nakaa naye kwangu Mamboleo, namwosha, namlisha, na mume wangu hana neno.

Jaduong_Ugenya: Ngoja kwanza. Mama yako analala kwa mkwe wake? Paa moja na mume wako?

Nyar_Seme: Analala, anaamka, anakunywa chai. Paa bado liko.

Jaduong_Ugenya: Chira, laana ya kuvunja mila, haiji na king'ora, dada yangu.

Nyar_Seme: Kwa mila hiyo hiyo yako, boma la baba ni la mwana wa mwisho. Huyo ndugu yangu hulikanyaga Krismasi, akila kuku ameondoka. Mama alianguka bafuni akakaa sakafuni hadi mwenye kuleta maziwa alipopita. Hiyo chira ilikuwa imelala?

Jaduong_Ugenya: Usinipandishie sauti kwa ajili ya ndugu yako. Mimi sikuzaliwa naye.

MwanaMaragoli: Pole pole. Kwetu pia mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Lakini watu hutafuta njia. Shemeji yangu pale Migosi alijenga chumba nyuma ya nyumba, mlango wake, choo chake cha kukalia, chuma cha kushikilia ukutani. Mama yuko kwa binti na hayuko kwa binti. Wazee walikuja, wakatazama, wakanywa soda, wakaenda.

Jaduong_Ugenya: Kwa hiyo mama mkwe sasa anajengewa simba, kibanda cha kijana, kama mvulana aliyebaleghe juzi!

Mwanalanet: Jamani, niliuliza habari za baba wa jirani.

MwanaMaragoli: Si ajenge chumba?

Mwanalanet: Ni mpangaji. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Ajenge hewani?

Mbutere_Ughaibuni: Niko Japani. Hapa walianzisha bima ya matunzo mwaka 2000, na kila mtu kuanzia miaka 40 huichangia. Mzee anafuatwa na gari asubuhi, anaogeshwa, anapigishwa mazoezi na wenzake, jioni anarudishwa kwake kulala. Hakuna aliyetupwa hapo. Makanisa yetu yana kumbi zinazokaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa nini tusianzie hapo?

Kijana_wa_Luanda: SHA, bima ya afya ya serikali, inakata 2.75 kwa mia ya mshahara, bado unataka tukatwe na ya uzee?

Nyar_Seme: Na wewe wa Japani, mama yako mwenyewe anatunzwa na nani?

Mbutere_Ughaibuni: Mke wangu, yuko naye kijijini. Sioni hilo linahusu nini.

Nyar_Seme: Na nani anamlipa huyo mke?

Mbutere_Ughaibuni: Ni mke wangu! Natuma matumizi kila mwezi.

Nyar_Seme: Matumizi ni unga na karo. Angekuwa msichana wa kazi, ungempa mshahara na Jumapili ya kupumzika.

Jaduong_Ugenya: Sasa mke alipwe kumpa mama mkwe uji. Kesho ataandika risiti ya kukupakulia chakula.

Nasi_Kondele: Alipwe, na afundishwe. Kuna mhudumu wa afya wa kijiji, amwite amwonyeshe kupima sukari na kukagua nyayo kila jioni, maana mwenye kisukari anaweza kukatwa kidole kwa kidonda ambacho hakukisikia. Mwanalanet, jirani yako aende hayo makao usiku, bila kupiga simu. Mchana kila mahali panang'aa. Ahesabu walio zamu, anuse vitanda, na aulize baba aligeuzwa saa ngapi mara ya mwisho.

Mwanalanet: Nitamwambia. Asante.

MzeeWaMolo: Huyo mke wa Butere, mnasema alipwe ngapi hasa? Nauliza kwa upole, kwa sababu anayenipikia ni mke wa kijana wangu na simu hii ni yake.