Tupeane uzoefu: Linux imeshaingia kwenye kilaptopu, ila haitaki kuwaka

Mlinzi wa Kasa

Wakuu, salaam.

Nimeona tuwe na uzi mmoja wa jambo hili, maana limewachosha wengi. Mtu anasakinisha Linux kwenye laptopu ndogo, inamwambia kazi imekwisha, anawasha upya, hola. Akiuliza anajibiwa "sakinisha tena". Anarudia mara ya pili, mara ya tatu, mwisho kilaptopu kinaishia kabatini, nacho hakina ubovu wowote.

Mwenye kisa chake akilete. Nawasihi kitu kimoja tu: semeni ilikwamia wapi. Nembo ya mtengenezaji ilitokea? Menyu ya GRUB (programu inayoianzisha Linux) mliiona? Kama kuna maandishi, yanukuuni herufi kwa herufi. "Haiwaki" ni kama "naumwa": haimwambii mganga chochote.

Naanza na changu. Kilaptopu cha inchi 11, prosesa ni Atom ya kizazi cha Bay Trail, RAM GB 2, hifadhi ni eMMC (chipu iliyobandikwa ubaoni badala ya diski) ya GB 32. ISO (faili la kusakinishia) nimeihakiki kwa sha256sum, iko salama. Flashi ikichomekwa kwenye mashine nyingine inawaka vizuri. Nikiichomeka kwenye kile kidogo, haitokei hata kwenye menyu ya kuchagua. Nilibadilisha flashi tatu nikaanza kuamini tundu la USB limekufa.

Kumbe prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya mfumo) waliyoiweka ni ya biti 32. UEFI ya namna hiyo inaingia folda ya EFI/BOOT kutafuta faili linaloitwa bootia32.efi. ISO yangu ilikuwa na bootx64.efi peke yake, kwa hiyo kwa macho ya kilaptopu ile flashi ilikuwa tupu. Nilitengeneza flashi upya kwa kunakili mafaili kwenye FAT32, nikaongeza bootia32.efi humo, ikaonekana papo hapo. Baada ya kusakinisha ilibidi niingie kwa chroot (yaani ndani ya mfumo uliosakinishwa, nikiwa bado kwenye flashi) na kuweka kifurushi cha grub-efi-ia32, la sivyo tungerudi palepale. Kerneli (kiini cha Linux) ya biti 64 yenyewe haina shida kuwashwa na UEFI ya biti 32, uwezo huo upo tangu toleo la 3.15 la mwaka 2014.

Ukishaingia kwenye Linux yoyote kwenye mashine hiyo, hata ya kwenye flashi, andika:

cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size

Itakujibu 32 au 64. Ningeijua amri hii mapema ningeokoa wikiendi mbili.

Kozi Mweusi

Asante kwa uzi, mkuu. Changu kilifika mbali kidogo kuliko chako: flashi iliwaka, usakinishaji ukaisha bila kosa hata moja, nikachomoa flashi, nikawasha. "No bootable device."

Nikarudi kwenye flashi, nikapiga efibootmgr, amri inayoorodhesha mifumo ambayo UEFI inaijua. Jina la distro (aina ya Linux niliyosakinisha) lipo kwenye orodha, tena la kwanza. Nikawasha upya, jina halipo. Nikaliongeza kwa mkono, nikawasha upya, limefutwa tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna kilichoharibika kwenye Linux. BIOS ya kilaptopu (yaani hiyo UEFI) haitunzi majina mapya, kila ikiamka inayasahau. Inachokijua ni njia moja tu ya akiba, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Basi dawa ni kuiweka GRUB palepale inapotazama.

Kutoka kwenye flashi nilifanya hivi:

mount /dev/mmcblk0p2 /mnt
mount /dev/mmcblk0p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --bind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-grub

Neno linalofanya kazi yote ni hilo --removable. Linaiambia GRUB ikae kwenye njia ya akiba.

Tazameni na jina la diski. Maelekezo mengi niliyokuwa nafuata yanataja /dev/sda. Kwenye vilaptopu vya eMMC diski ya ndani ni mmcblk0, na sda mara nyingi ndiyo flashi yenyewe uliyoichomeka! Nilikaribia kuiandika GRUB juu ya flashi niliyokuwa naitumia. Piga lsblk kwanza, soma ukubwa wa kila diski, ndipo uendelee.

Mama Pacha

Naongezea kwa Kozi Mweusi. Kuna BIOS nyingine, kama ya changu, ambazo sehemu ya Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizosainiwa kuwaka) imefifia, kishale hakishuki hapo. Nilihangaika siku nzima. Ilikuwa inataka kwanza uweke nywila ya msimamizi kwenye ukurasa wa usalama. Ukishaiweka, sehemu ile inafunguka, na kinatokea kipengele cha kuchagua faili la EFI la kuaminiwa. Nikachagua shimx64.efi (shim, kianzishi kidogo kilichosainiwa kinachoifungua GRUB), imewaka hadi leo. Nywila hiyo iandikeni mahali, tafadhali. Ukiisahau una tatizo kubwa kuliko la mwanzo.

Usukani

Mimi GRUB niliiona, nikabonyeza Enter, kioo kikawa cheusi moja kwa moja. Kilaptopu hakina feni, kwa hiyo hata sauti ya kukuambia kinaishi huna. Nilikuwa nakizima kwa kushikilia kitufe, nawasha, nazima.

Siku moja nikagusa Caps Lock bila kukusudia, taa yake ikawaka. Nikagusa tena, ikazima. Kwangu hilo lilibadilisha kila kitu: kama kibodi inaitika, basi kerneli iko hai na kilichoanguka ni picha tu. Nikarudi kwenye GRUB, nikabonyeza e, nikashuka hadi mstari unaoanza na neno linux, mwisho wake nikaandika nomodeset, kisha Ctrl+X. Ikafunguka, maandishi makubwa na kioo kizito, lakini imefunguka. Nikaunganisha intaneti, nikasasisha mfumo wote pamoja na kerneli, nikawasha bila nomodeset, picha ikaja kamili.

Nomodeset ni ya kukuvusha tu. Ukiiacha humo daima, video zitakwamakwama kwa sababu kazi yote ya picha itaibeba prosesa. Na kama chako ni Bay Trail na kinaganda dakika chache baada ya kuwaka, mahali hapohapo jaribu intel_idle.max_cstate=1. Betri itaisha haraka zaidi, lakini hakitaganda.

Ng'onda

Cha kwangu ni kizee, Atom N270. Kiliandika wazi: "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU." Hapo huna cha kurekebisha, prosesa hiyo ni ya biti 32 tupu. Nimeweka Debian 12 ya i386, inakwenda. Debian 13 iliyotoka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, msipoteze bando.

Kioo chake ni 1024 kwa 600, na kitufe cha kuendelea kwenye kisakinishi kilikuwa kimejificha chini ya kioo. Shikilia Alt, ukamate dirisha popote kwa kipanya, ulivute juu.

Baba Zuhura

Changu kiliwaka mwaka mzima, kisha asubuhi moja: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Ndani mlikuwa na kazi yote ya mwanangu ya muhula. Nilikaa kimya kwanza, maana kila kona nilikuwa nasoma "futa, sakinisha upya", na mimi sikuwa tayari kufuta.

Kwenye GRUB kuna mstari wa Advanced options. Nikaingia, nikachagua kerneli ya zamani, mfumo ukafunguka kama kawaida, kazi ya mtoto ipo. Jambo la kwanza nikainakili kwenye flashi. Ndipo nikapiga df -h /boot: imejaa asilimia 100. Sasisho la usiku lilikosa nafasi, likaandika kerneli mpya lakini initramfs yake (faili dogo ambalo kerneli hulitumia kuifikia diski) haikukamilika. Nikaondoa kerneli mbili kuukuu, nikapiga dpkg --configure -a na update-initramfs -u -k all, kwisha. Kwenye eMMC ya GB 32 mambo haya hayakawii. Patisheni ya /boot ikiwa ya peke yake, ipeni GB 1.

Mgeni Njoo

Shikamooni wakubwa. Changu kinaandika "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation", halafu kinajizima. Kina mifumo miwili. Jana kilikuwa kizima, nikasasisha ule mfumo mwingine.

Mlinzi wa Kasa

Marahaba. Umefanya vyema kunukuu. Hilo liliwakuta wengi Agosti 2024: sasisho la upande wa pili linaandika kwenye UEFI orodha ya matoleo ya shim yasiyoruhusiwa tena, na shim yako ni ya zamani. Mafaili yako yako salama.

Zima Secure Boot, ingia Linux, piga sudo mokutil --set-sbat-policy delete. Washa upya, ingia Linux tena mara moja ili badiliko lishike. Ukiwa humo sasisha mfumo upate shim mpya, kisha ndipo uiwashe Secure Boot. Usiruke hatua ya kusasisha, orodha ile iliwekwa kwa sababu ya matundu ya kweli ya kiusalama.

Mgeni Njoo

Imewaka. Nimezima na kuwasha mara nne kuhakikisha, Secure Boot ikiwa imewashwa, na upande wa pili nao unafunguka. Nimepiga na ile amri ya fw_platform_size, imejibu 64.