Sabufa ya pili kwenye stereo: ninunue au nihamishe hii moja?

Kipaza
Wakuu habarini. Nina amplifaya ya zamani ya chaneli mbili na spika za stendi zenye koni ya inchi 5. Nimeongeza sabufa ya inchi 10, iko kando ya kabati la TV. Nikikaa kwenye kochi, gitaa la besi linapotea baadhi ya noti. Nikisimama mlangoni, nyuma ya chumba, mlango wenyewe unatetemeka. Chumba kina urefu wa mita 5, kochi lipo katikati. Ninunue ya pili? Halafu amplifaya haina tundu la sabufa, nimechomeka kwenye tundu za kurekodia. Nikipunguza sauti, spika zinashuka, sabufa inaendelea kunguruma. Natanguliza shukrani.

Mdundo
Chukua inchi 15 umalize kazi.

FundiWaya
Inchi 15 itamng'olea mlango, na kwenye kochi patabaki vilevile.

Mkuu Kipaza, sabufa haina tatizo, kochi ndilo limekaa pabaya. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 34 (mitetemo 34 kwa sekunde) lina urefu wa mita 10, mara mbili ya chumba chako. Wimbi la namna hiyo hujazana kwenye kuta mbili za mwisho na kufifia katikati, hapo hapo ulipokaa. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi 4 ni hezi 41, si mbali na hapo.

Sogeza kochi nyuma kwanza. Kisha pandisha sabufa juu ya kochi, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, nawe utambae kandokando ya kuta, masikio chini. (Watakucheka nyumbani, waache.) Pale utakaposikia noti zote zinalingana, bila moja kuvimba, ndipo uiweke.

Ya pili inafaa ikikaa ukuta wa mkabala, huwa zinatulizana. Ukiziweka pamoja umeongeza kelele tu.

Santuri
Kuhusu waya: sauti ya tundu za kurekodia haipitii kitufe cha sauti. Angalia nyuma ya sabufa kama ina sehemu ya kufunga waya za spika. Kama ipo, zima vyote, ongeza waya kutoka pale pale spika zinapofungwa kwenye amplifaya mpaka kwenye sabufa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Sabufa ina amplifaya yake, haitailemea yako. Krosova (kitufe cha kuchagua sabufa iishie wapi kwenda juu) anzia hezi 80. Fezi (swichi ya kugeuza wimbi la sabufa liende sambamba na la spika) jaribu 0 na 180 ukiwa umekaa, uache inayotoa besi nene zaidi.

Kipaza
Sehemu ya waya ipo, sasa sauti inashuka pamoja. Kochi nimelisogeza mpaka ukutani: noti zimerudi, ila za chini zimezidi.

FundiWaya
Ukutani ndiko zinakojaa, mkuu. Livute mbele kidogo kidogo, halafu upunguze sabufa yenyewe.